“Que nojo!” mezani kwa watu

“Shikamoo mwalimu. Mimi ni mwenyeji wa Tanga, nina miezi minane hapa Almada, ng’ambo ya mto kutoka Lisbon. Naosha vyombo kwenye mgahawa. Kireno nimekiokota kazini na kwenye tamthilia za Kibrazili. Jumapili moja mwezi wa sita mwenzangu wa kazi alinialika kwao. Mama yake akaniwekea bakuli la konokono wadogo, wamechemshwa na magamba yao, vichwa vimechungulia nje. Nikasema ‘Que nojo!’, nikijua ndiyo ‘kinyaa’ yao. Meza nzima kimya. Mama akaliondoa bakuli bila neno. Lakini mjukuu wake wa miaka sita alisema ‘blhec!’ na watu wakacheka tu. Wiki iliyofuata, kwenye ratiba ya zamu iliyobandikwa ukutani, bosi ameandika ‘nojo’ mbele ya jina la mwenzetu mwingine, siku tano. Huyo amefiwa na baba yake. Nimechanganyikiwa kabisa. Nilitukana? Ningesema nini? Na kinyaa kinaingiaje msibani?”

Marahaba, mwanangu. Nianze na linalokunyima usingizi: hapana, hukutukana. Que nojo si tusi, hata mwalimu wa chekechea hulitamka mbele ya watoto. Ulikosea mahali pa kulisemea na mtu wa kumsemea. Wala si kwamba Kireno chako ni kidogo. Tamthilia zilikufundisha neno zikakuachia adabu yake uitafute mwenyewe.

Wengi hudhani kwamba kwa kuwa nojo ni kinyaa, basi popote moyo unapoona kinyaa neno linafaa. Kwa kamusi, ndivyo. Wareno hulisema tangu asubuhi hadi usiku: kwa nywele zilizoziba tundu la sinki, kwa mende juu ya mkate, kwa basi lililojaa jasho, hata kwa mwanasiasa aliyekula rushwa. Lakini jiweke Tanga. Bibi wa rafiki yako amekupakulia kwa mkono wake, nawe unaitazama sahani unasema, “Kefule! Chakula gani hiki, kinatia kinyaa!” Ungesemwa mtaa mzima mpaka Idi ya pili. Usingethubutu. Ungesema, “Bibi, niwie radhi, hiki hakinipandi,” au ungesingizia tumbo. Kanuni unayo tangu utotoni. Kilichokosekana ni “hakinipandi” ya Kireno.

Nayo ipo: faz-me impressão.

Tazama maneno haya mawili yalivyoundwa. Que nojo! halina “mimi” ndani yake. Ni kidole kilichonyooshwa na hukumu iliyokwisha kutolewa: hicho ni kinyaa, kwa kila mtu, na aliyekipika ajijue. Faz-me impressão lina me katikati, yaani mimi. Mzigo unahamia kwako: konokono hana kosa, mpishi hana kosa, ila mwili wangu ndio unaosisimka. Mreno hulitumia kwa sindano, kwa damu, kwa mtu anayealisha vidole, kwa samaki anayemkodolea macho kutoka sahanini. Hakuna anayenuna ukilisema, kwa kuwa kila mmoja ana chake kinachomsisimua.

Jumapili ile ungesema: “Desculpe, os caracóis fazem-me um bocadinho de impressão.” Kitenzi ni fazem kwa sababu konokono ni wengi, na um bocadinho ni “kidogo tu”, hata kama moyoni si kidogo. Wareno wanapenda sana kupunguza hivyo, na anayepunguza huonekana mtu wa watu. Njia nyingine ni “não sou grande apreciadora”, mimi si mpenzi mkubwa wa hicho (kwa mwanamume ni apreciador). Ukisema “nunca provei”, sijawahi kuonja, jiandae, maana utabembelezwa uonje papo hapo. Na kama kinachokuzuia ni dini, usizunguke. “Não como, é por causa da minha religião” inatosha, na watu wengi wataheshimu. Kama konokono ni halali au la, muulize shekhe wako. Mwalimu wa Kireno hilo haliwezi.

Nikuambie pia kwa nini kimya kile kilikuwa kizito. Konokono kwa watu wa Lisbon na kusini yake si chakula cha shida. Ni furaha ya kiangazi, kuanzia Mei hadi Agosti, miezi ambayo kwa Kireno majina yake hayana herufi r. Umeshaona karatasi zilizobandikwa kwenye milango ya baa, “Há caracóis”, konokono wapo. Mama yule alikuwa na kazi. Konokono huoshwa maji baada ya maji mpaka ute uishe, kisha huwashiwa moto mdogo sana ili watoe vichwa kabla maji hayajawa ya moto, ndipo vinaingia vitunguu saumu, oregano na piripiri, ndugu wa pilipili yetu. Vile vichwa vilivyokuchungulia, ambavyo nadhani ndivyo vilivyokutoa roho, ndiyo alama ya mpishi hodari. Vikibaki ndani mlaji huhangaika na kijiti bila kupata kitu. Kwa hiyo ulikitolea kinyaa kile hasa alichojivunia.

Na si konokono peke yao. Siku moja utaletewa arroz de cabidela, wali uliopikwa na damu ya kuku. Ukienda Porto utakuta tripas, matumbo ya ng’ombe na maharagwe, na watu wa mji ule hujiita tripeiros, wala matumbo, kwa majivuno. Lishike faz-me impressão, litakufaa kote huko.

Sasa nojo lenyewe usilitupe. Kazini utalihitaji kila wiki, ila ujue linavyokaa kwenye sentensi. Tenho nojo de baratas ni naona kinyaa mende. Mete-me nojo ni kinanitia kinyaa, hivyo ndivyo wasemavyo Ureno; Mbrazili husema me dá nojo. Halafu kuna jozi inayowaponza wageni: está um nojo na é um nojo. A casa de banho está um nojo maana yake choo kimechafuka sasa hivi, mtu akapige deki. Ukisema é um nojo, umesema ndivyo kilivyo, jana, leo na kesho. Estar ni hali inayopita, ser ni asili. Nilikuwa na mwanafunzi, fundi bomba kutoka Mombasa, aliyefungua bomba la taka chini ya sinki la mteja wake. Likatoka tope jeusi la mafuta yaliyoganda, lenye harufu ya mwaka mzima. Alitaka kusema, mama, hapa pamechafuka, nitaziba pua. Akasema, “A sua cozinha é um nojo.” Jiko lako ni kinyaa, kwa asili yake. Mama alimlipa hela yake yote. Hakumwita tena.

Kwa mtu, uzito unazidi. Ele está um nojo aweza kuwa ni kijana aliyetoka gereji ana grisi mpaka masikioni. Ele é um nojo ni mtu mwenye roho chafu. Nojenta kumwelekea mwanamke ni ugomvi tayari, na Brazil laweza pia kumaanisha anajisikia, anajiona. Kama unataka neno jepesi kwa uchafu wa kawaida, sema que porcaria, linalofaa hata kwa simu mbovu iliyokufa baada ya wiki. Yapo na makali zaidi, asqueroso na wenzake, yanayonuka dharau. Matusi yenyewe sitayaandika hapa. Jikoni kwenu utafundishwa bure.

Kidogo kuhusu kutamka, maana nina hakika uliisema j ya “jambo”. J ya Kireno ni “sh” iliyotiwa mtetemo wa koo. Sema “sh”, kisha iache itetemeke kama unavyosema “z”. Na ile o ya mwisho Wareno huimeza ikawa “u” fupi. Kwa sikio la Mswahili linakaribia “nozhu”. Que nayo hubaki “k” iliyobanwa.

Nije kwa mjukuu. Kwa nini yeye achekewe? Kwanza ni mtoto, na mtoto duniani kote ana leseni. Ila pia hakutumia neno, alitumia sauti. Blhec ni uso uliopata mlio. Jaribu mbele ya kioo: pua inakunjamana, mdomo wa juu unapanda, ulimi unasukuma nje kana kwamba kuna kitu cha kutemwa. Darwin alikwisha kuyaandika hayo mwaka 1872, kwamba kinyaa kwa asili yake ni uso wa mtu anayekitoa kitu kinywani. Pitisha pumzi katika uso huo na utapata blhec ya Mreno, eca ya Mbrazili, “yak” ya watoto wa mjini kwetu na “akh” ya bibi. Ndiyo maana unazielewa zote bila kufundishwa. Sauti namna hiyo hutoka kabla ya akili kufika, na watu huisamehe kama wanavyosamehe chafya. Que nojo ni sentensi, na mwenye kusema sentensi huhesabiwa kuwa amefikiri. Lakini usifanye haraka kwenda kusema blhec mezani. Kwa mtu mzima ni mzaha wa marafiki, na mama yule si rafiki yako bado.

Kuna neno moja la watu wazima ambalo ningependa ulichukue: credo! Kwa Kilatini ni “naamini”, neno la kwanza la kanuni ya imani ya Wakatoliki. Mtu akiona panya amekanyagwa barabarani, “Ai, credo!”, kana kwamba anajikinga. Sisi watu wa pwani hatuna haja ya kuelezwa zaidi, kwani mara ngapi umemsikia mama akisema “Audhubillahi!” kwa funza ndani ya embe? Kazi ni ileile. Brazil huliongeza msalaba likawa cruz-credo. Siku hizi hata wasioamini chochote hulisema, nami pia huniponyoka. Mezani hata hivyo liache.

Na kusonya, mwanangu, kusonya kuache kabisa. Kwetu msonyo wa karaha una ngazi zake, tunajua upi ni wa utani na upi wa vita. Wabrazili wana neno muxoxo, lililotoka Kimbundu cha Angola, kwa sauti hiyohiyo ya ulimi na meno, na Waangola walioko Lisbon watakusoma vizuri tu. Mreno mzee hatajua ngazi. Atasikia dharau peke yake.

Umesema umejifunzia kwenye tamthilia za Kibrazili. Si vibaya, Wareno wenyewe wamekua nazo na wanaelewa kila kitu. Ila mambo machache ya kinyaa hubadilika baharini. Pale Mreno anaposema faz-me impressão, Mbrazili husema me dá aflição au me dá agonia, na kuna sehemu za Brazil wanakosema gastura, neno ninalolipenda kuliko yote kwa namna linavyolisikilizisha tumbo. Vijana husema peguei ranço dele: nimemchoka, simtaki hata kumwona. Ranço ni ile harufu ya mafuta yaliyokaa mpaka yakaoza, nadhani umeshaijua chini ya kikaango. Mtego mkubwa ni pivete. Ureno “que pivete!” ni uvundo gani huu! Brazil pivete ni chokoraa, mtoto wa mtaani mwenye sifa ya udokozi. Na epuka catinga, harufu ya kikwapa: lina historia ndefu ya kutupiwa watu weusi, na hata ukimsemea mbuzi kuna atakayegeuka. Siku ukivuka Ruvuma kwenda Msumbiji, Pemba ya huko au Nampula, utakuta Kireno kinachoelekea zaidi cha Ureno, kilichochanganywa na miguno ya lugha za pale. Hapo utajisikia nyumbani kuliko Almada.

Sasa msiba. Hapa hukukosea kitu, umegundua jambo ambalo wanafunzi wangu wengi hulipita. Bosi wako ameandika sawa. Dias de nojo ni siku ambazo mfanyakazi huruhusiwa kukaa nyumbani akifiwa. Kwa sheria ya kazi ya Ureno mzazi ni siku 5, ndugu au babu na bibi ni 2, mtoto au mwenzi wa ndoa ni 20. Brazil huita licença nojo, na mfanyakazi wa kawaida hupata siku 2 tu. Estar de nojo ni kuwa katika maombolezo, wala hakuna anayemwona marehemu kinyaa.

Ilikuwaje? Nojo ni mjukuu wa neno la Kilatini odium, chuki, kupitia kitenzi kilichomaanisha kumfanya mtu achukie, achukizwe. Mwanzoni kilikuwa uzito wa moyo wa kila aina: huzuni, kero, uchungu. Ndugu zake wakagawana urithi. Kihispania kikapata enojo, hasira. Kifaransa kikapata ennui, kuchoka na kila kitu. Kireno kikabaki na mawili, kinyaa mdomoni mwa watu na maombolezo kwenye karatasi za ofisi. Hata kwenye habari utasikia período de nojo, muda ambao kiongozi aliyetoka madarakani hutakiwa kusubiri kabla ya kwenda kuajiriwa na kampuni alizokuwa akizisimamia. Usishangae sana. Sisi nasi tuna chuki na chukizo, shina moja, tena tumechukua karaha na makuruhi kutoka shina moja la Kiarabu. Kwa Wareno wenyewe tulichukua bendera, leso, kopo, karata. Hata hiyo meza iliyonyamaza jina lake ni lao. Neno la kinyaa hatukuwaomba, tulikuwa nalo.

Mwenzako akirudi kazini mwambie “os meus sentimentos”, ndiyo pole yao ya msiba. Nojo usilitaje. Ni neno la ratiba, mbele ya mfiwa halina kazi.

Jambo jingine kabla hujalazimika kulijua kwa shida. Kinyaa na kichefuchefu kwetu huchanganyika mdomoni, kwao ni mbali. Ukifika kituo cha afya tumbo likiwa linapanda, usiseme tenho nojo. Nesi atakuuliza unamwonea nani kinyaa. Sema “estou enjoada” au “tenho vontade de vomitar”. Kichefuchefu cha mimba ni enjoos. Usiku ukizidiwa na hujui pa kwenda, namba ya SNS 24, simu ya ushauri ya huduma ya afya ya serikali, ni 808 24 24 24.

Mpaka hapa maandishi yanatosha, lakini kuna mambo mawili yanayotaka mtu wa kuonana naye. La kwanza ni sikio. Tofauti ya mete-me nojo ya utani na ya kukata undugu imo katika sauti, nami siwezi kukuimbia kwa kalamu. Uliza kituo cha ajira au shule ya serikali ya karibu kuhusu kozi za Português Língua de Acolhimento, zilizowekwa kwa ajili ya wahamiaji. Mwalimu akiwa mbele yako atakusahihisha uso pamoja na maneno. La pili ni zito zaidi. Kama ni wewe unayeambiwa que nojo au nojenta kazini, kwa chakula chako, nywele zako, ngozi yako, hilo si somo la lugha. Andika tarehe, maneno yaliyosemwa na waliosikia, kisha upeleke shauri kwa watu: chama cha wafanyakazi, chama cha wahamiaji, au ACT, mamlaka inayokagua mazingira ya kazi. Ureno ina sheria dhidi ya ubaguzi wa rangi na asili, Sheria namba 93 ya 2017. Usilimeze peke yako ukidhani ni Kireno chako kibovu.

Kwa mama yule, usimtume mwenzako akuombee radhi. Nenda mwenyewe, mkono usiwe mtupu, matunda yanatosha. Mwite Dona na jina lake, na useme desculpe, si desculpa, kwa kuwa ni mkubwa wako: “Dona Fulani, desculpe o outro dia. Disse mal. Nunca tinha visto caracóis assim e fez-me impressão. Não queria ofender.” Samahani kwa siku ile, nilisema vibaya, sikuwahi kuona konokono namna hii wakanisisimua, sikukusudia kuudhi. Liseme polepole, hata ukikosea kitenzi. Akikujibu “ó filha, deixa lá”, yamekwisha. Na akiinuka kwenda jikoni kukuletea mmoja tu uonje, faz-me impressão unayo tayari.